Muulize Bwana Miti: Ninunue chenso au nirudi darasani?

Shikamoo Bwana Miti,

Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Igoma hapa Mwanza, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kupanda miti. Nikisema hivyo watu hunisifu kwamba natunza mazingira, wakidhani naotesha miche. Kumbe mimi naiparamia na kuikata.

Nilianza mwaka 2019 nikiwa kibarua wa tajiri mmoja mwenye chenso, ule msumeno wa mnyororo wa injini. Yeye anatafuta kazi, mimi napanda. Tumekata miti ya majumbani Nyakato na Buhongwa, shuleni, makanisani, hata kwa wakubwa kule Capri Point. Mti wa kawaida napewa elfu 20, ule wa hatari elfu 40. Vifaa vyangu ni panga, kamba ya katani kiunoni, na miguu peku.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwaka 2022 tuliitwa kwenye shule moja ya msingi kukata mjohoro mkubwa uliokuwa unaegemea darasa. Tajiri akasema, "Unyoe kipara." Nikaunyoa, zikabaki nguzo tatu tu zimesimama kama vidole. Baada ya miezi michache ukachipua vizuri sana, kila mtu akausifia. Masika ya mwaka huu, ule upepo wa alfajiri unaotoka ziwani ukaja, tawi moja nene kama paja langu likang'oka na kuangukia baraza la darasa la tatu. Bahati ilikuwa bado hata saa kumi na mbili haijafika. Likaangukia benchi tupu.

Tukaitwa tena. Nilipofika juu nikaona tawi halikuvunjika, bali lilibanduka kama ganda. Na pale nilipokuwa nimekata mwaka 2022 pameoza. Nikachokonoa kwa kidole, mara mkono wote ukaingia hadi kwenye kifundo, ndani kuna unga unga mweusi. Bwana Miti, tangu siku hiyo nikiona watoto wamekaa chini ya mti niliowahi kuukata, roho inanidunda. Nilipomwambia tajiri akacheka, akasema miti ndivyo ilivyo, na kazi ikijirudia ndiyo biashara yenyewe.

Baadaye nikaanza kuangalia video kwenye simu. Nikaona watu wa nje wanapanda na kofia ngumu na kamba za maana, wanakata tawi moja moja kwa utaratibu kama daktari, na inasemekana ni taaluma inayosomewa kabisa. Sikujua kama kitu hicho kipo.

Sasa nina milioni moja na laki mbili, nimeiweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Kuna mtu anauza chenso yake iliyotumika kwa laki sita na nusu. Nikiinunua ninajitegemea kesho asubuhi. Lakini moyo unataka kusoma. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, nikapata divisheni foo: D ya Baiolojia, Jiografia, Kiswahili na Historia. Hesabu usiniulize. Je, kuna chuo kitanichukua? Hii kazi inasomewa hapa Tanzania au mpaka Ulaya? Na je, umri haujanitupa? Mke wangu anasema, "Yaani unaacha kukata miti ili ukasomee kukata miti?" Baba mkwe ndiyo kabisa, kwake mimi bado nimetambulishwa kama mtu wa mambo ya mazingira.

Naomba unishauri kama mwanao.

Mparamia Miti, Igoma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisomea chini ya mwarobaini wangu hapa Nyegezi, ambao nao ulinyolewa kipara na kijana wa aina yako siku nilipokuwa safarini. Nakusamehe kwa niaba yake.

Nianze na ule mkono wako ulioingia ndani ya mjohoro, maana umekufundisha jambo ambalo wengi tulilipata darasani kwa mchoro wa chaki. Mtu akijikata, nyama mpya huota ikachukua nafasi ya ile iliyoharibika. Mti hauwezi hivyo. Mbao iliyojeruhiwa hubaki imejeruhiwa mpaka mti ufe. Kinachofanyika ni mti kujenga kuta kuzunguka jeraha ili uozo usivuke kwenda kwenye mbao nzima. Aliyeliweka hili wazi ni Mmarekani mmoja, Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili auone uozo unavyotembea ndani. Alieleza kuta nne. Dhaifu kuliko zote ni ule unaozuia uozo usipande na kushuka ndani ya shina. Imara kuliko zote ni ule wa mwisho, unaotenganisha mbao ya zamani na mbao mpya inayoota baada ya jeraha. Ndiyo maana unaweza kukuta mkuyu wenye pango la kulaza mbuzi wawili na bado juu umejaa majani. Umekufa katikati, ila pembeni unaishi.

Ulipoukata mjohoro kipara, ulikata katikati ya tawi, mahali ambapo mti haukuwa na maandalizi yoyote ya kujifunga. Uozo ukateremka kupitia ule ukuta dhaifu. Huko juu nako ukawa umeupokonya mti majani yote, na majani ndiyo jiko lake. Ukachipua kwa fujo kwa sababu ya njaa, watu wakasema umependeza.

Tena yale machipukizi si matawi kama yale uliyoyakata. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina tangu utoto wao, na kila mwaka mbao zao hupitana na kushikana kama ukili unaosukwa. Chipukizi la kwenye kigutu limejibandika kwenye tabaka la nje tu. Kwa miaka mitatu likanenepa mpaka likawa paja, huku pale liliposimama pakigeuka unga. Upepo wa alfajiri haukupata taabu. Unasema lilibanduka kama ganda. Umeona sawasawa, na kwa jicho hilo tu ningekuchukua kuwa mwanafunzi wangu.

Tajiri wako naye hakudanganya. Kipara ni kazi inayojizalia. Ukiunyoa mti leo, baada ya miaka mitatu lazima uitwe tena, kisha tena, mpaka siku mti ukatwe wote na mwenye nyumba alipie mara ya mwisho.

Sasa kabla hatujafika chuoni, kuna mambo ya kuanza nayo Jumatatu, kwa sababu najua utaendelea kupanda wakati unafikiria. Angalia pale tawi linapotoka kwenye shina. Utaona kivimbe kinalizunguka, kama kola ya shati. Kivimbe hicho ni mali ya shina, na humo ndimo mti umeweka ulinzi wake. Unakata nje yake kidogo tu. Ukikichanja umeingiza jeraha shinani, na ukiacha kigutu kirefu umeacha njia ya uozo. Tawi zito usilikate mara moja, maana litachana gome mpaka chini. Sogea kama urefu wa rula ya shule kutoka shinani, kata kwa chini hadi robo ya unene. Sogea nje kidogo tena, kata kwa juu mpaka tawi lidondoke. Halafu rudi, ondoa kile kigutu kilichobaki kwa mkato mmoja safi pale penye kola. Usipake lami, usipake rangi, na hasa usipake oili chafu, dawa inayopendwa sana na mafundi wa mji huu. Haizuii uozo. Na usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, hata kama mwenye mti anataka aone mwanga mpaka jikoni. Mti mzee mpunguzie hata hiyo robo.

Haya, chuo.

Jina la kazi unayoitamani, yaani utunzaji wa mti mmoja mmoja katikati ya watu, hutalikuta kwenye matangazo yetu ya ajira. Kwetu mlango wa kuingilia ni misitu. Mlango wenyewe ni Chuo cha Misitu Olmotonyi, nje kidogo ya Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kilianzishwa mwaka 1937, na maofisa misitu wengi wa nchi hii wamepita pale. Anayetoka kidato cha nne huanzia ngazi ya nne ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, akapanda ya tano ambayo ni astashahada, kisha ya sita ambayo ni stashahada. Kwa kawaida ni mwaka mmoja kwa kila ngazi. Sharti la kawaida la ngazi ya kuanzia ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kwa kozi kama hii Baiolojia ndiyo karata yako. D nne ulizonazo huenda zikatosha kugonga mlango. Soma masharti ya mwaka huu kwenye tangazo la chuo chenyewe, usiyapate kwa dalali wa stendi anayejaza fomu za watu. Kuhusu umri, darasani utakaa na watoto wa miaka 19 wasiojua mti unavyolia kabla haujaanguka. Utawasaidia.

Hesabu umeniomba nisikuulize, lakini huko utaulizwa. Utapima kipenyo cha mti kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, utapima kimo chake bila kuupanda, utakadiria ujazo wa mbao katika hekta nzima kwa kupima vipande vichache tu. Ni hesabu za kawaida za kuzidisha na pembe, si uchawi, ila usiende ukitegemea kuzikwepa. Utajifunza vitalu, udongo, moto, wadudu, ramani na sheria, hasa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Na utajifunza majina ya Kilatini, ambayo wanafunzi huyachukia mpaka siku wanapoagiza mche usio wenyewe. Huku kwetu ukisema mkrismasi wengine wataelewa ule mti wa maua mekundu ya Desemba, wengine watafikiria ule wa majani kama sindano unaopambwa taa. Ukisema Delonix regia, ule wa maua mekundu, hakuna ubishi.

Nikuonye lakini. Msitu una akili tofauti na mti wa uani. Nenda siku moja shamba la miti la Buhindi, ng'ambo ya ghuba upande wa Buchosa, au Rubya kule Ukerewe, yote ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Utakuta miti imepangwa mistari, michanga, inagombea mwanga. Mwenye shamba huitembelea kwa kupunguza: anaondoa iliyopinda na iliyodumaa ili ile mizuri inenepe. Akipogolea matawi ya chini, anatafuta mbao isiyo na vifundo. Hapo mti mmoja ukifa hakuna anayeamka usiku. Mjohoro wa shule ni mmoja, chini yake kuna darasa la tatu, na hakuna anayehitaji mbao yake, wanachohitaji ni kivuli chake. Olmotonyi watakupa akili ya kwanza kwa ukamilifu. Ya pili itabidi uijenge mwenyewe juu yake, na wewe tayari una msingi wake kwenye nyayo za miguu.

Hapa nikuibie dakika moja, maana jambo hili walimu wa mjini hulipita. Miaka ya 90 nilifanya kazi Shinyanga kwenye mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati ardhi ile ilikuwa imebaki vumbi na ng'ombe. Tulikwenda na miche yetu tukijiona wakombozi. Wazee wa Kisukuma wakatuonyesha ngitili, eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulifunga wakati wa mvua ili majani yake yaje kuliwa kiangazi. Ndani ya ngitili, visiki tulivyodhani vimekufa zamani vilichipua vyenyewe, kwa sababu mizizi ilikuwa hai chini ikisubiri tu iachwe. Mingi ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu.

Sasa utaniuliza, mbona chipukizi lile lilikuwa neema na la mjohoro likawa balaa? La kisikini linaanzia ardhini, linaota mizizi yake, na likianguka linaanguka likiwa fimbo. La kwenye kigutu limening'inia mita 8 juu ya benchi la wanafunzi. Ni kitendo kilekile cha mti, mahali ndipo palipotofautiana. Mtu akikuambia kuchipua ni dalili ya afya, muulize kumechipulia wapi.

Vyuo vingine nivipitie haraka. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, hicho ni cha mbao baada ya mti kulala chini. Tabora ni cha nyuki. Pasiansi kipo hapahapa Mwanza na utashawishika kwa ukaribu wake, lakini ni cha wanyamapori, ukienda huko utajikuta unafundishwa kukabili majangili. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ndiko kwenye shahada ya misitu. Uiweke mbele, stashahada nzuri inaweza kukufikisha, ila usiipange leo.

Ulaya je? Uingereza hiki unachokifanya kimekatwa vipande, na kila kipande kina mtihani wake: kutunza msumeno, kuangusha mti mdogo, kupanda kwa kamba, kumwokoa mwenzako aliyekwama juu, kutumia msumeno ukiwa unaning'inia. Vipo vyuo vinavyotoa hadi shahada ya kazi hiyo tu. Marekani kuna chama kinachoitwa International Society of Arboriculture, mizizi yake ni ya mwaka 1924, chenye mtihani unaomfanya mtu atambulike kuwa mtunzaji miti aliyethibitishwa. Hapokelewi mtu wa barabarani, wanataka miaka ya kazi au kazi pamoja na masomo. Wewe kazi unayo, unachokosa ni karatasi ya darasani na Kiingereza cha kusomea. Kwa hiyo Olmotonyi haikuzuii kwenda huko baadaye. Ila mtu akikuandikia kwenye simu kwamba atakupa cheti cha nje kwa wiki mbili na laki tatu, mfute.

Sasa pesa. Chenso ya laki sita na nusu usiinunue.

Sababu yangu ya kwanza unaijua: chenso haitakufundisha pa kukata, itakuwezesha tu kukosea haraka zaidi. Ya pili ni kwamba chenso iliyotumika inayouzwa na mtu wa kazi huwa inauzwa kwa sababu. Breki ya mnyororo haishiki, au kishikio cha gesi kinakwama, na ukiwa juu ya mti hutaki kulijua hilo kwa mara ya kwanza. Ya tatu, msumeno huo una mambo ya vibali. Kabla mtu hajanunua apite ofisi ya TFS aulize utaratibu wa usajili wake, asije akajikuta anaeleweshwa sheria akiwa kizuizini.

Ukitaka kutumia sehemu ya akiba yako mwezi huu, nunua kofia ngumu, mkanda wa kupandia unaopita kiunoni na mapajani, na kamba halisi ya kupandia. Hiyo katani yako wape wenye mbuzi. Jifunze fundo la Prusik, ambalo hukaza ukiliegemea na kuteleza ukilisogeza kwa mkono. Ukikata kwa msumeno huko juu uwe umefungwa sehemu mbili, ili ukikata kamba moja kwa bahati mbaya ya pili ikushike. Usipande ukiwa peke yako. Na huyo wa chini asiwe mtu wa kuokota matawi tu, awe anaweza kupanda kukufuata. Karibu na waya wa umeme usikaribie kabisa mpaka TANESCO wazime. Hata tawi bichi linapitisha umeme. Nimezika kijana mmoja kwa kosa hilo, na hapo sitaongeza neno.

Kinachobaki kiwe ada, nauli na chakula cha nyumbani cha miezi ya mwanzo. Hakitatosha miaka mitatu, tusidanganyane. Lakini wewe una kitu ambacho wenzako darasani hawatakuwa nacho. Likizo ikifika unarudi Mwanza na ufundi wako, na mti mmoja uliokatwa vizuri Capri Point unaweza kukulipa kuliko miwili uliyoinyoa kipara, kwa sababu sasa utakuwa unaeleza kwa nini unakata hapa na si pale. Mafunzo ya vitendo yakifika, omba upangiwe Buhindi au Rubya, uwe karibu na familia.

Kuhusu mama watoto, mimi sioni kama amekosea. Amesikia unaacha kitu ili ukasomee kitu kilekile. Usimweleze taaluma. Mpeleke pale shuleni, umwonyeshe benchi, umwambie mti ule uliukata wewe. Halafu mkae mhesabu pamoja atakula nini na mtoto kuanzia mwezi ukiondoka, kwa tarakimu, bila ahadi. Akiona hesabu ina mashimo mrudi mwaka kesho. Kitalu kidogo cha miche ya mipapai na mipasheni hapo uani kinaweza kumshika wakati haupo, maji yakiwepo. Baba mkwe mwache aendelee na mambo ya mazingira. Kwa mara ya kwanza itakuwa kweli.

Ajira usiitegemee peke yake. Nafasi za serikali hutoka kupitia Sekretarieti ya Ajira na wanaoomba ni wengi kuliko viti, na TFS sasa ni jeshi la uhifadhi, kuna gwaride ndani yake. Mimi ningekuona zaidi kama mtu wa mji huu. Jiji na Ilemela wana miti ya barabarani, shule zina miti, hospitali, makanisa, hoteli za ufukweni. Karibu yote inahudumiwa na watu wa panga. Mti ulio nje ya ua wa mteja usiuguse bila kupita kwa afisa misitu wa halmashauri na kupata ruhusa ya maandishi, hata kama anayekulipa ni mtu mkubwa kiasi gani.

Na mji wetu una somo ambalo hutalipata Arusha. Mwanza imekaa juu ya mawe. Udongo wa vilima vyetu vingi ni mwembamba, mizizi inatambaa juu ya mwamba badala ya kuzama, ndiyo maana mti wetu mara nyingi hauvunjiki bali unalala mzima na sahani yake ya mizizi. Kabla hujatazama juu, tazama chini: ardhi imepasuka upande mmoja? Kuna uyoga mgumu kama ubao kwenye kitako cha shina? Kuna mtu amechimba msingi au kumwaga zege karibu? Waingereza wanapojenga karibu na mti huchukua kipenyo cha shina, huzidisha mara 12, na eneo la umbali huo kuzunguka shina hulilinda. Shina la sentimita 50, basi ni mita 6 kila upande. Huku kwetu fundi wa ujenzi anachimba kwenye futi moja na kushukuru kwamba mzizi ulikuwa laini.

Jambo moja hukuniambia. Mliitwa tena shuleni, ukapanda, ukaona pameoza. Halafu mkafanya nini, mkanyoa tena? Kama mjohoro bado umesimama, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, benchi lile liondolewe leo, na mahali pale pazungushiwe kamba. Kisha gonga shina kwa kisogo cha shoka, taratibu, kutoka kwenye kitako kupanda mpaka unapofika mkono, kila upande, kichwa chako kikiwa karibu na gome. Penye mbao nzima patajibu kwa mlio mkavu, penye pango patajibu kama debe. Weka alama ya chaki kila panapobadilika. Zile nguzo tatu nazo ukazigonge ukiwa umefungwa vizuri. Kama pango lipo juu tu, pana namna ya kuchagua machipukizi machache mazuri na kuyapunguza urefu na uzito kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, mti ukabaki. Kama limefika kwenye kitako, uondoeni wakati wa likizo ya shule, na mche mwingine upandwe mbali na darasa.

Niandikie umesikia nini. Wabeja.

Bwana Miti